Deni la taifa: bandari haichukuliwi hivyo

Dhana: "Tukishindwa kulipa, Mchina anachukua bandari."

Vijiweni Kariakoo mfano ni mmoja tu, Hambantota ya Sri Lanka. Kweli, mwaka 2017 bandari ile ilikodishwa kwa miaka 99 kwa kampuni ya China Merchants Port, kwa dola bilioni 1.12. Ila fedha hizo ziliingia kwenye akiba ya fedha za kigeni. Mikopo iliyojenga bandari haikufutwa, ikaendelea kudaiwa. Mzigo mkubwa zaidi ulikuwa hatifungani, yaani hati za deni la serikali, zilizouzwa kwa wawekezaji wa nje, na mwaka 2022 nchi ikasimamisha malipo.

Dhana: "Mikopo ya China haina masharti."

Masharti ya uchaguzi na haki za binadamu, hayamo. Yaliyomo ni ya aina nyingine: kutunza siri ya mkataba, mapato ya mradi kupitia kwanza akaunti maalumu ambayo mkopeshaji anaiona, na kutoliingiza deni hilo kwenye mazungumzo ya Klabu ya Paris, kundi la serikali zinazokopesha. Siri hiyo ina gharama. Mwaka 2020 Zambia iliomba wenye hatifungani waahirishe malipo, wakakataa, wakisema hawajui China inadai nini na kwa masharti gani. Novemba nchi ikashindwa kulipa. Makubaliano na serikali zinazoidai yalipatikana Juni 2023.

Dhana: "IMF na Benki ya Dunia wanashauri tu."

Ushauri gani unaoambatana na hundi? Fedha hutolewa kwa awamu, na kila awamu ina vigezo vinavyokaguliwa; kimoja kikikwama, awamu inayofuata inasubiri. Na juu ya meza yenyewe hakuna usawa: Marekani ina takriban 16.5% ya kura za IMF, huku maamuzi mazito yakihitaji 85%. Ikisema hapana peke yake, hayapiti.

Wakazi wa Dar es Salaam waliyaona haya bombani. Kuiweka DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mikononi mwa mwendeshaji binafsi kulikuwa miongoni mwa masharti ya mpango wa HIPC, wa nafuu ya madeni kwa nchi maskini zenye madeni makubwa, kisha mkopo wa maji wa Benki ya Dunia ukafuata mkondo huohuo. Mwendeshaji huyo, City Water, alianza Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Mei 2005 serikali iliuvunja, na kazi ikachukuliwa na DAWASCO, kampuni ya umma. Mwekezaji wa City Water akaenda ICSID, baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia. Mwaka 2008 liliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji, lakini halikumpa fidia hata senti. Tuliponea chupuchupu: sharti alitoa mkopeshaji, kesi akajibu mkopaji.

Dhana: "Deni likisamehewa limekwisha."

Deni linauzika. Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia kwa ajili ya zana za kilimo. Mwaka 1999 kampuni binafsi ya Donegal International ililinunua deni hilo kwa takriban dola milioni 3.3, ikaja kudai zaidi ya milioni 50 mahakamani London. Mwaka 2007 ikapewa takriban milioni 15, miaka miwili tu baada ya Zambia kupata msamaha wa HIPC. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2010 kuzibana kesi za namna hiyo kwa nchi za HIPC. Hatifungani nyingi, hata hivyo, zinafuata sheria za New York, ambako sheria hiyo haifiki.