Ufa wa usukani hupanuliwa kwanza

Nimeletewa tena usukani wa lori la jeshi, GMC CCKW la enzi za Vita Kuu ya Pili, umejazwa puti ya bodi na kupigwa rangi nyeusi inayong'aa. Nyufa zimeshachungulia juu ya rangi. Mwenyewe ananiuliza, "Si kuziba tu na kupaka?" Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliandika.

Kuung'oa ni rahisi: weka alama ya mkao, legeza nati, tumia pula (kifaa cha kuvuta usukani utoke kwenye mhimili), usigonge kwa nyundo. Grisi yote itoke kabla msasa haujagusa kitu.

Ufa ndio kazi yenyewe. Ndani ya usukani huo kuna chuma, na juu yake kumemiminwa mpira mgumu au plastiki ya zamani. Mpira mgumu hutanuka na kunywea kwa joto zaidi ya mara 5 kuliko chuma, na kadiri unavyozeeka ndivyo unavyosinyaa. Chuma hakisogei, kwa hiyo mpira unapasuka, hasa pale spoki zinapoingia kwenye duara. Ukipaka puti juu ya ufa mwembamba umeziba mdomo tu: chini mna kutu na jasho la madereva wa miaka 80. Puti ya bodi ni ya bati. Hapa inakatika.

Chukua tupa ya pembe tatu, fungua ufa kwa umbo la V mpaka chuma kionekane cheupe. Utajua umefika kwenye mpira mzima: unga unaotoka unanuka salfa kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Kwangua kutu, futa, jaza epoksi ya kufinyanga (gundi nzito inayokandwa kama unga kisha inaganda), ipite kidogo juu ya usawa, iache saa 24. Kisha msasa namba 80, 120, 240, umalizie na 400 kwa maji. Fumba macho, pitisha kidole gumba: kiraka ambacho jicho halikioni, kidole kinakiona. Ukikuta chuma chenyewe kimekatika penye spoki, acha rangi. Usukani huo hauendeshi lori.

Hata hivyo upo usukani wangu uliorudi na ufa mpya, sentimita 2 kutoka kwenye kiraka. Epoksi ilishika vizuri, mpira wa zamani ndio ulioachia. Siku hizi nakata sehemu yote iliyochoka kuzunguka spoki, lakini nikikata sana nabaki na umbo la usukani wa zamani, si usukani wenyewe. Mpaka huo sijawahi kuuweka mara moja kwa wote. Kila usukani naamua upya.

Rangi: praima, halafu mipako myembamba 3 ya rangi ya hadena (inayochanganywa na dawa ya kuigandisha) isiyong'aa sana, ukiwa umevaa kinyago cha hewa kinachofaa, maana mvuke wake unaharibu mapafu. Uache wiki nzima kabla ya kuushika kwa nguvu.