"UTI sugu" isiyopona, na dhana nyingine kuhusu majimaji ya ukeni

Dhana: Uchafu wowote ukeni ni UTI

Kaa saluni yoyote ya Dar es Salaam, iwe Sinza au Mbagala, utasikia mtu "anasumbuliwa na UTI". Ukimdadisi vizuri, anachoeleza ni muwasho na majimaji ukeni.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Dalili zake ni mkojo kuunguza, haja ndogo ya kila mara, na maumivu chini ya kitovu. Haileti ute ukeni. Njia hizi mbili ni jirani tu, na ujirani huo ndio unaopoteza watu. Mtu anapewa kikopo maabara ya mtaani, anakinga mkojo wa mwanzo bila kujisafisha, majimaji ya ukeni yanachanganyika humo, chembe nyeupe za damu zinaonekana, inadhaniwa ni UTI, anaandikiwa antibiotiki. Dawa hizo zinaua pia bakteria wema wanaoufanya uke uwe na asidi (pH, yaani kipimo cha asidi, ya kawaida ni kati ya 3.8 na 4.5), nayo asidi ndiyo kinga yenyewe. Kinga ikiyumba, fangasi wanastawi. Muwasho unazidi, anarudi, anaambiwa UTI imekuwa sugu, anaongezewa sindano. Mimi naamini "UTI sugu" nyingi za mjini hapa zimetengenezwa hivyo.

Kama tatizo ni majimaji ukeni, omba uchunguzwe ukeni na sampuli ichukuliwe hukohuko.

Dhana: Mwanamke msafi hukaa mkavu

Tunarithishana hii tangu unyagoni. Ukweli ni kwamba ute ni kazi ya mwili. Katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka, huwa mwingi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Siku nyingine huwa mweupe na mzito kidogo. Ukikauka kwenye chupi huacha doa la njano hafifu, wala si ugonjwa. Mjamzito hutokwa na mwingi zaidi. Jifunze wa kwako ulivyo, maana kinachotisha ni mabadiliko.

Dhana: Harufu hutolewa kwa kusafisha ndani

Shabu, kitunguu saumu, sabuni ya "kike", vidonge vya "kusafisha kizazi" vinavyouzwa Kariakoo na mitandaoni: vyote acha. Uke hujisafisha wenyewe, na shabu hukausha na kuchubua, ikifungulia njia magonjwa ya zinaa na VVU. Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo, hasa baada ya tendo, mara nyingi huletwa na vajinosisi ya bakteria, yaani bakteria wema wamepungua na wengine wamezidi. Kujiosha ndani ni mojawapo ya vichochezi vyake! Osha nje tu, kwa maji. Harufu ikibaki inahitaji dawa ya hospitali.

Dhana: Fangasi nimeitoa chooni

Choo cha nyumba ya kupanga kina kero zake, lakini hii si mojawapo. Fangasi hawa huishi mwilini na hustawi wakipata nafasi: ujauzito, antibiotiki, kisukari, kinga dhaifu. Majimaji huwa meupe, mazito, ya mabonge, na muwasho mkali. Yakirudirudi, omba kupimwa sukari na VVU badala ya kununua tena kidonge kilekile famasi.

Dhana: Mume wangu hana dalili, basi si ya zinaa

Wanaume wengi wenye trikomona, ugonjwa mmojawapo wa zinaa, hawahisi lolote, huku mke akitokwa na majimaji ya njano au kijani, wakati mwingine yenye povu. Kisonono na klamidia huweza kukaa kimya hata kwa mwanamke, vikapanda hadi mirija ya uzazi na kuleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Ikithibitika ni ya zinaa, mnatibiwa wote wawili na tendo linasimama mpaka dawa imalizike na mhudumu aruhusu. Najua mazungumzo hayo ni magumu. Wahudumu wamezoea kuwapokea wenza pamoja, mwombe mhudumu akusaidie kusema.

Dhana: Damu kidogo baada ya tendo ni mchubuko

Huenda. Lakini damu baada ya tendo, au majimaji yenye damu na harufu mbaya, inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Kipimo cha kutumia siki nyepesi ni cha dakika chache, na kinapatikana hospitali ya saratani ya Ocean Road na katika vituo vingi vya serikali. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ilianza kutolewa kwa wasichana Tanzania nzima mwaka 2018. Binti yako asiikose.

Lini uende

Rangi au harufu ikibadilika, ukiwashwa, ukiona vidonda au ukiumia wakati wa tendo, nenda wiki hiyohiyo, na taja dawa zote ulizokwisha kutumia. Usingoje kesho kama una homa na maumivu ya tumbo la chini, kama hedhi imechelewa na tumbo linauma, au kama ni mjamzito na maji yanachuruzika. Aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, akapimwe. Mtoto wa kike akitokwa na uchafu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo bila kumgombeza wala kumwosha ndani.