Damu imepanda, lakini miguu bado inakufa ganzi

Ukilalamika kwamba umeishiwa nguvu na miguu inakufa ganzi, washauri hawakosekani: kunywa juisi ya choya, kula mchicha, nunua vidonge vya damu. Aliyepungukiwa na madini ya chuma anaweza kupona hivyo. Aliyepungukiwa na vitamini B12 anaweza kuponzeka.

"Damu ikipanda, ugonjwa umekwisha."

Hii ndiyo dhana inayolemaza watu. Vidonge vingi vya damu vina asidi ya foliki pamoja na madini ya chuma, na foliki ikiwa nyingi uboho hutengeneza tena chembe nyekundu hata B12 ikiwa haba. Vipimo vinapendeza, mgonjwa anachangamka. Neva, hata hivyo, hazikubali mbadala: bila B12 utando wa mafuta unaozifunika huchakaa. Damu inapanda huku uti wa mgongo unaharibika, hasa upande wa nyuma na wa pembeni. Nyuma ndiko zinakopita habari za mguu umekanyaga wapi. Mgonjwa hutembea vizuri mchana, lakini umeme ukikatika, au akifumba macho kunawa uso, anapepesuka kama mlevi. Pembeni hupita amri za kutembea, na zikiguswa miguu hukakamaa. Madaktari Russell, Batten na Collier waliyaeleza haya London mwaka 1900, kabla vitamini yenyewe haijajulikana.

"Damu yake iko sawa, kwa hiyo si B12."

Utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 ulichunguza wagonjwa 141 wenye matatizo ya neva au akili yaliyotokana na upungufu wa B12. Kati yao, 19 hawakuwa na upungufu wa damu, wala chembe zao nyekundu hazikuwa zimevimba, ile ishara ya kawaida ya B12 kupungua.

"Anakula nyama na dagaa, hawezi kuikosa."

Kula ni jambo moja, kufyonza ni jingine. Tumbo hutoa protini inayoibeba B12 hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Katika anemia ya Addison, kinga ya mwili inashambulia seli zinazotoa protini hiyo, na dagaa anapita tu. Zamani ugonjwa huu uliua, hadi mwaka 1926 madaktari Minot na Murphy walipowalisha wagonjwa 45 maini mengi kila siku wakapata nafuu. Nadhani wengi wao hawakutamani kuyaona maini tena. (Mchicha? Hauna B12. Mimea haiitengenezi.)

"Nilikatwa sehemu ya tumbo la chakula miaka minne iliyopita, ingeshaonekana."

Mwili unahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa. Deni huja kudaiwa wakati umeshasahau. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa muda mrefu nayo hupunguza B12, kwa hiyo si kila ganzi ya mgonjwa wa kisukari ni ya sukari.

"Bila sindano hakuna tiba."

Kidonge cha mikrogramu 1,000 hupenyeza takriban asilimia 1 bila kuhitaji mbebaji, na kwa wengi inatosha. Ila uti wa mgongo ukishaguswa, madaktari huanza na sindano, na B12 hutangulia foliki. Damu hujirekebisha kwa wiki chache. Neva huchukua miezi, na ganzi iliyokaa muda mrefu huenda isiondoke yote.