Gesi ya majumba ya mashambani haikutoka mjini

Juzi tena, niko juu ya ngazi nazibua kichomeo cha shaba cha taa ya gesi ya zamani katika jumba moja la mashambani huku Uingereza, mgeni akauliza gesi ilikuwa inatoka mji gani. Haikutoka mji wowote! Nani angechimba mtaro wa maili kumi kwa ajili ya nyumba moja? Mwenye jumba alijijengea mtambo wake. Pale Culzean, Uskoti, mtambo uko chini ufukweni, mbali na kasri, wala sababu si harufu peke yake: gesi ya makaa ya mawe ni nyepesi kuliko hewa, ukiitengeneza bondeni inapanda yenyewe.

Makaa yanaokwa ndani ya ritoti, yaani chombo kilichozibwa, lami inachujwa, chokaa inanasa salfa, gesi inatunzwa kwenye tangi linaloelea majini. Basi.

Kinachonikera zaidi ni watu kudhani mwanga ulikuwa mweupe kama wa karabai. Kile kijisoksi kinachong'aa, mkemia wa Austria Carl Auer von Welsbach alikipatia hataza mwaka 1885, na kikawa cha kutegemewa baada ya 1891. Kabla ya hapo ni ulimi wa moto mtupu, wa manjano, uliotandazwa kama mkia wa samaki au bawa la popo. Ndiyo majina ya vichomeo vyenyewe. Joto lake kali, na salfa iliyoponyoka chokaa iligeuka tindikali ikala mapazia na kuchafua fremu za dhahabu. Ndiyo maana matajiri wengi waliiweka gesi jikoni tu, koridoni na kwenye mabanda ya farasi, sebuleni wakabaki na mishumaa na taa za mafuta. Sebule isiyo na bomba si dalili ya ufukara.

Kisha ikaja asetilini, gesi nyingine ya taa, miaka ya 1890: mawe ya kabidi, maji, gesi tayari, hakuna tanuru la kukesha nalo. Hapo ndipo ninapokwama, maana mabomba ya zamani yalitumiwa tena. Bomba tupu ukutani siwezi kuliapia lilibeba gesi gani. Tundu la kichomeo cha asetilini ni dogo mno, hilo husaidia, lakini vichomeo navyo vilibadilishwa mara kwa mara. Kuna jumba niliandika kwenye kibao cha maelezo kwa wageni "gesi ya makaa ya mawe", kisha tukafukua nyuma ya banda tukakuta shimo la masalia meupe ya kabidi, bila chembe ya lami. Kibao nilikibandua jioni ileile.