Fizikalizimu ni nini hasa?

Fizikalizimu ni msimamo wa kifalsafa unaosema kila kilichopo, ukikichimba mpaka chini kabisa, ni kitu cha kifizikia. Hakuna roho iliyojificha nyuma ya mwili, hakuna akili inayoelea peke yake bila ubongo.

Sasa wengi wakisikia hivyo wanadhani jamaa wa fizikalizimu wanakataa kwamba kuna mapenzi, hasira, maumivu, mawazo. Hawakatai jamani, jino likiwauma linawauma kama wewe tu. Wanachosema ni kwamba hayo maumivu sio kitu cha ziada kilichokaa pembeni ya mwili. Chukua foleni ya magari, ipo kweli na inakuchelewesha kweli, ila ukiondoa magari, barabara na madereva hakibaki kitu chochote kinachoitwa foleni, na huwezi ukapata sehemu mbili ambazo magari yamekaa sawa na yanaenda sawa kwa kila kitu halafu moja ina foleni nyingine haina. Na akili nayo ni hivyo hivyo, ulimwengu ukinakiliwa chembe kwa chembe basi mawazo yako na maumivu yako yanakuja humo humo, hakuna cha kuongezea.

Ndugu yake wa zamani ni uyakinifu, ule wa akina Demokrito wa Ugiriki waliosema kuna atomu na utupu basi. Shida fizikia ya leo ina uga (kama ule unaoizunguka sumaku), nishati, mvutano, vitu ambavyo sio maada ya kushika mkononi, kwahiyo watu wakaona bora waseme "kifizikia". Neno lenyewe lilianza miaka ya 1930 kwa wanafalsafa Otto Neurath na Rudolf Carnap kule Vienna, ila wao walikuwa wanaongelea zaidi lugha ya sayansi. Haya mambo ya akili ndio ubongo yalipamba moto baada ya U. T. Place kuandika 1956 na J. J. C. Smart 1959, kwamba kama radi ilivyo umeme unaopita angani, hisia nazo ni shughuli za ubongo, nukta.

Kwanini mtu aamini hivyo? Hoja nzito kwangu ni ya zamani sana. Mwaka 1643 binti mfalme Elisabeth wa Bohemia alimwandikia Descartes, mwanafalsafa aliyesema roho na mwili ni vitu viwili tofauti, akamuuliza, hivi roho ambayo haina umbo wala haigusi kitu inausukumaje mwili? Descartes hakuwahi kumpa jibu la kueleweka. Maana ukiinua mkono, msuli umevutwa na mishipa ya fahamu, mishipa imeamshwa na ubongo, kila hatua ina chanzo chake cha kifizikia, sasa roho inaingilia wapi? Alafu kuna nusu kaputi, dawa inaingia mwilini na fahamu yote inazima. Kama akili haitegemei mwili hiyo dawa inazima nini?

Wapinzani nao sio wa kubeza. Mwanafalsafa Frank Jackson mwaka 1982 alitoa mfano wa kubuni wa Mary, mwanasayansi anayejua kila kitu cha kifizikia kuhusu rangi ila kaishi maisha yake yote kwenye chumba cha nyeusi na nyeupe, siku anatoka anaona nyekundu, je kajifunza kitu kipya? Kama ndio, basi kuna kitu fizikia haikukisema. Kuna wanaojibu kwamba Mary kapata uwezo mpya tu wa kutambua rangi na kuikumbuka, sio taarifa mpya, na Jackson mwenyewe baadae aligeuka akahamia upande wa fizikalizimu.

Mimi Mary hanisumbui sana, kinachonisumbua ni swali la mwanafalsafa Carl Hempel, kifizikia kwa fizikia ipi? Ukisema ya leo, haijakamilika, kwahiyo msimamo wako karibu hakika una makosa. Ukisema ile itakayokamilika kesho, hujui itakuwa na nini ndani, labda hata roho itaingizwa humo. Wengine wanajitetea kwamba kifizikia ni chochote fizikia itakachokipata ilimradi chenyewe kwenye mzizi kisiwe akili, ambayo inawafungia mlango wale wanaodai hata elektroni ina kafahamu kadogo, na hapo ndipo ugomvi mkubwa wa sasa ulipo.