Unakaa wapi, au kwenu wapi?

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya hospitali, bahasha ya majibu kaishika kwa mikono miwili. Mwanafunzi wangu akafika mstari wa nne wa fomu.

"Unakaa wapi, mama?"

"Mpendae, kwa mwanangu."

Akaandika Mpendae, mtaa wa Mjini Unguja. Alikuwa ashaanza kugeuza ukurasa, akasita. Yeye ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na sikio lake lilikuwa limeshanasa lafudhi.

"Kwani kwenu wapi?"

"Kwetu Konde, mwanangu. Mpendae nimekuja kwa haya maradhi tu."

Kazi yangu ni kuhesabu saratani. Ili nijue kama ugonjwa umekithiri pahala fulani nahitaji tarakimu mbili: wagonjwa juu, wakaazi chini. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu karibu milioni 1.9, zaidi ya laki 5 kati yao wakiwa Pemba. Mama yule sensa inamweka Konde, Pemba, lakini fomu yangu imeshamhamishia Mjini. Fanya hivyo kwa kila anayepanda boti Mkoani kuja kutibiwa na kufikia kwa jamaa, na Pemba itaonekana kisiwa chenye bahati, watu wengi na saratani kidogo. Mpanga bajeti akiitazama ramani hiyo, wauguzi wa kupima saratani ya shingo ya kizazi atawapeleka wapi? Na kipimo chenyewe kinataka siki, taa na jicho lililofundishwa. Hakuna mashine hapo ya kusema Micheweni, wilaya ya kina Konde, haifiki.

Fomu ile tuliletewa na wenzetu wa chuo kimoja cha nje. Kiswahili chake hakikuwa na kosa. Ilitungwa tu na watu ambao kwao makazi ni namba ya nyumba na jina la mtaa, na mtu hahami kwa sababu anaumwa. Mimi niliyezaliwa visiwani humu niliitumia miaka miwili bila kuistukia, na hilo ndilo linaloniuma.

Kosa la namna hii lina ndugu yake maabara. Kinyama kinachokatwa kwenye titi hutakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, mapema, na fomalini iwe kama mara kumi ya kinyama chenyewe. Kikichelewa, au kikibanwa kwenye kichupa kidogo, vipokezi vya homoni, yaani zile sehemu za seli zinazonasa homoni, huharibika, na kipimo kinaweza kusema havipo kumbe vilikuwepo. Mwanamke atakosa vidonge ambavyo vingemfaa. Kisha mtafiti aliye mbali, aliyeletewa vipande hivyo ndani ya kiboksi, atakaa aandike kwamba saratani ya titi ya Waafrika ni ya aina nyengine, isiyo na vipokezi hivyo, kali zaidi. Aina hiyo ipo, na Marekani inaonekana zaidi kwa wanawake weusi kuliko weupe. Lakini kabla sijalaumu damu ya mtu nataka kujua kinyama kilikaa saa ngapi juu ya meza ya chumba cha upasuaji, na fundi wa maabara hawezi kuliona hilo kwenye darubini. Ndiyo maana vijana wangu nawatuma wakifuate kinyama tangu kinapokatwa, hata kama wengine hununa wakisema wamesomea takwimu, si kubeba vichupa.

Marekani nao walijifunza kwa njia chungu kwamba si kila anayekuja kukuhesabu anakutakia mema. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali yao iliwaangalia mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, wakiliwa na kaswende bila ya kuwatibu, ili ugonjwa uandikwe ulivyo. Baadaye Chuo Kikuu cha Tuskegee kiliingia kwenye ushirikiano wa utafiti wa saratani pamoja na skuli ya udaktari ya Morehouse na Chuo Kikuu cha Alabama cha Birmingham. Fedha zake zilitoka kwa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya huko, ambayo mwaka 2001 ilianza kuviunganisha vyuo vya jamii zilizoachwa nyuma na vituo vikubwa vya saratani. Ninachokipenda kwenye mpango huo ni kwamba kila upande ulikuwa na kiongozi wake wa mradi, hata ule mdogo. Mradi wenye kiongozi mmoja tu, aliye ng'ambo, humgeuza kijana wetu kuwa mkalimani na dereva wa sampuli.

Pemba haianzi leo. Maabara ya afya ya jamii ya Wawi, Chake Chake, ipo tangu 2000 na imepokea watafiti wa kichocho na minyoo kutoka pande nyingi za dunia. Tunachotaka sasa ni kijana wa hapa awe ndiye anayetunga swali.

Tulipoupeleka mstari wa nne kwenye kikao cha video, wenzetu walidhani tunabishana juu ya tafsiri. Mwanafunzi wangu alitumia nusu saa kuwaeleza kwamba kukaa ni jambo moja na kwenu ni jambo jengine, kwamba mtu anaweza kukaa Mpendae miaka kumi na kwao pakabaki Konde, na kwamba kwa hesabu yetu tunamtaka alipokuwa akiishi kabla ya kuanza kuumwa, pamoja na jina la shehia. Mmoja akauliza kama maswali matatu si mengi kwa mgonjwa. Akajibiwa kwamba wazee hapa hawachoki kuulizwa kwao.

Fomu mpya tukaianza Jumatatu. Wa mwanzo kukaa kwenye benchi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kojani. Akaulizwa kwao wapi. Akamtazama kijana kidogo, kisha naye akauliza:

"Kwa mume au kwa mama?"