Bibi anakumbuka mwaka wa Uhuru. Je, anakumbuka uji wa asubuhi?

Sisi wa kitengo cha afya ya akili tukifika kwenye makazi ya wazee, hapa Mbeya au kule Iringa na Njombe, tukauliza kumbukumbu za mzee fulani zikoje, jibu huwa ni lilelile: "Huyo yuko vizuri kabisa daktari, anakusimulia mpaka sherehe za Uhuru mwaka 1961." Simulizi hizo ni tamu, ila hazijibu swali. Mambo ya ujana yana mizizi mirefu, na hata ugonjwa wa Alzheimer huchukua muda kuyafikia. Kinachotangulia kupotea ni uwezo wa kushika jambo jipya: kwamba uji ameshakunywa, dawa ya presha ameshameza, mgeni wa jana alikuja na akaondoka.

Kwenye makazi jambo hili huchelewa kuonekana. Mzee anayeishi na wanawe ana binti atakayesema, "Mama amebadilika tangu Pasaka." Wengi wanaopokelewa kwenye makazi hawana ndugu wa karibu, na siku zao zinafanana: muda wa chai unajulikana, kitanda ni kilekile, hakuna anayetumwa dukani akasahau chenji. Mtu anaweza kupoteza mengi na ratiba ikamfichia. Kwa hiyo anayeweza kuliona ni mhudumu, na ndiye ninayemwandikia zaidi.

Katika makazi ya wazee nchini Marekani hutumika kipimo kifupi kiitwacho BIMS, chenye alama 15. Mzee hutajiwa maneno matatu, soksi, buluu na kitanda, ayarudie papo hapo. Kisha huulizwa mwaka, mwezi na siku ya wiki. Mwisho huombwa akumbuke yale maneno matatu. Akilikumbuka neno mwenyewe hupata alama 2, akilikumbuka baada ya kudokezwa hupata 1. Jumla ya 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa kumbukumbu na fahamu ziko sawa, 8 hadi 12 kuna upungufu wa kati, 7 kushuka chini upungufu ni mkubwa.

Utaratibu wake unafaa hata kwa mazungumzo ya kawaida, ingawa ukibadilisha maneno usizitumie alama zile kana kwamba ni kipimo chenyewe. Kwa mzee wa Rungwe naweza kutaja kitanda, njano, jembe. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo bibi."
"Marahaba mjukuu wangu."
"Yale maneno matatu niliyokutajia, unayakumbuka?"
"Jembe."
"Na mengine?"
"Hayo umeondoka nayo mwenyewe."
"Moja lilikuwa rangi."
"Ee, njano!"

Kitanda hakikurudi hata alipoambiwa ni kitu cha kulalia. Jembe limekuja lenyewe (kwa mkulima wa Tukuyu ningeshangaa lisije), njano imekuja kwa kudokezwa. Tofauti hiyo ina maana. Neno linalorudi kwa kidokezo lilishaingia kichwani, tatizo ni kulitoa. Neno lisilorudi hata kwa kidokezo huenda halikuhifadhiwa kabisa. Na kama mzee alishindwa kuyarudia pale mwanzoni, kumbukumbu bado hujaipima: chunguza kwanza kama amesikia, kama yuko makini, na kama Kiswahili chako amekielewa. Wapo wazee waliozeeka ndani ya Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe, na Kiswahili kwao ni cha sokoni na ofisini. Tafuta mtu wa kuuliza kwa lugha yao, lakini asiwe jirani wa kitanda cha pili, maana huyo atamjibia.

Tarehe nayo ina mtego. Mzee ambaye hajaingia darasani na hana kalenda ukutani anaweza asijue mwaka, na miaka thelathini iliyopita asingeujua vilevile. Mwulize kama mvua zimeanza, kama viazi vimeshavunwa, jana ilikuwa siku ya ibada au la. Sikiliza pia majibu ya heshima yanayoficha pengo: "Siku zote ni za Mungu, mwanangu." Ni maneno ya busara, lakini siku ya wiki hajaitaja. Kwa wasiosoma kuna kipimo kiitwacho IDEA, kilichotengenezwa kwa utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro. Hakihitaji kalamu. Mzee hupanga vijiti vya kiberiti kwa kuiga umbo aliloonyeshwa, hutaja wanyama wengi awezavyo, hukumbuka orodha ya maneno. Binafsi nakipenda kuliko vile vinavyomtaka mtu aandike sentensi.

Asiyeweza kuhojiwa hupimwa kwa kutazamwa siku kadhaa, zamu zote, ya usiku ikiwemo. Anapajua kitandani kwake? Anarudia swali lililojibiwa dakika tano zilizopita? Anadai hajala na sahani iko mbele yake? Andikeni kwenye daftari la zamu mlichokiona. "Amechanganyikiwa" haitusaidii, "ameuliza mara nne kama ni muda wa chai, na chai alishakunywa" inatusaidia sana.

Mabadiliko ya ghafla yasisubiri kipimo chochote. Mzee aliyekuwa anaongea vizuri juzi, leo hajui alipo, anasinzia mchana na usiku anahangaika, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi chanzo ni UTI, homa ya mapafu, malaria, sukari iliyoshuka au upungufu wa maji. Kwenye baridi ya Juni wazee wetu hawanywi maji, na mwili wa mzee unaweza kuwa na maambukizi bila kuchemka. Tazameni na dawa: Piriton anayopewa kwa mafua au amitriptilini ya usingizi inaweza kumvuruga akili.

Hata bila dharura, alama ndogo haimwambii mtu kuwa mzee ana ugonjwa wa kusahau. Asafishwe masikio, apimwe macho kama ana mtoto wa jicho, aangaliwe sonona, damu na dawa zote anazomeza. Kisha apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi, akiwa hana homa, saa zilezile za asubuhi, kwa lugha ileile, na ikiwezekana na mtu yuleyule. Maneno matatu yawe mengine.